Masikio Sita ya Gitaa la Baba

Harufu ya ukwaju uliorowekwa nimeikimbia kwa miaka mingi. Nikialikwa mahali nikaletewa maji ya ukwaju, husema tumbo langu haliyataki, nao wenyeji wangu hunihurumia na kuniletea soda. Tumbo langu halina ugomvi wowote na ukwaju. Mwenye ugomvi ni mimi, na ugomvi wenyewe niliuanza nikiwa na miaka tisa, nikiwa nimechutama uani kwetu Malindi na kipande cha kumbi la nazi mkononi.

Baba alipofariki nilitoka Kilifi ninakoishi, nikaenda kukaa na Mama kwenye eda yake. Siku moja kabla ya khitma niliamka nikamkuta kesharoweka bakuli zima la ukwaju. Mbele yake alikuwa amepanga sinia nne za shaba za marehemu Bibi, chetezo cha kufukizia ubani, na mrashi wa kunyunyizia marashi. Vyote vilikuwa vimefanya weusi wa kutia aibu.

"Kesho watu waja," Mama akasema. "Na fundi wa shaba nyumba hii ulikuwa wewe."

Nikamwambia mkono waniuma. Mama alinitazama vile anavyomtazama muuza samaki anayeapa kwamba samaki ni wa leo. Aliinama akavuta kutoka chini ya kitanda begi refu jeusi, na juu ya begi akaweka kibweta cha karatasi ngumu, kidogo, kilichofungwa kwa uzi wa katani.

"Basi shughulika na hivi," akasema. "Babako kasema ni vyako."

Begi nililijua hata kabla sijalifungua. Ndani mlikuwa na gitaa la Baba la umeme, jekundu lililokolea, na rangi imebanduka pale mkono wake ulipokuwa ukipumzika. Kibweta sikukijua. Nilipofungua uzi nikakuta, ndani ya mfuko wa nailoni ambao haujawahi kufunguliwa, vyuma vya gitaa vya rangi ya dhahabu: masikio sita, daraja la kupitishia nyuzi, mabamba na parafujo zake zote. Vilikuwa vipya kabisa. Nilikaa chini kwenye mkeka, na ili mjue kwa nini, inabidi nianze mbali kidogo.

Bibi mzaa mama alikuwa na kazi yake ambayo wa rika langu mtaikumbuka, maana kila mji wa pwani ulikuwa na mwanamke wa aina yake. Alikuwa akiazimisha vyombo vya harusi. Palipokuwa na shughuli mitaa ya Shela au Barani, walimjia kuchukua sinia zake, mrashi wake, chetezo chake. Na kila chombo kilichotoka kilitoka kinawaka, kwa sababu kabla hakijatoka kilipitia kwangu.

Alinifundisha mwenyewe. Unaroweka ukwaju mpaka ulainike, unachekecha majivu mpaka yawe laini kama unga wa mkate, unachovya kumbi kwenye ukwaju, kisha kwenye majivu, kisha unasugua kwa kuzunguka na kupangusa kwa kitambaa. Kitambaa kikitoka cheusi, hujamaliza. "Shaba haina siri," Bibi alikuwa akisema. "Ukisugua, itakuonyesha uso wake." Nilisugua mpaka vidole vikakunjamana, na watu waliokuja kuchukua vyombo wakauliza ni nani kafanya kazi hii, na Bibi akanyoosha kidole kwangu tu. Mwanangu mimi leo ana shahada mbili, na sidhani kama amewahi kupata sifa iliyomwingia kama kidole kile kilivyoniingia.

Baba alikuwa mpiga gitaa. Alipiga katika bendi ya watu wanne kwenye hoteli moja ya ufuoni, saa ya chai ya alasiri, wageni wakiwa wamelala kando ya bwawa wakijipaka mafuta. Mpiga ngoma wao alikuwa Karisa, Mgiriama wa Vitengeni, mtu mrefu mwenye kicheko kilichosikika kabla hajafika kona. Wawili wengine walikuja na kuondoka, lakini Karisa alikuwa wetu. Alimwita bibi yangu Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama chao, naye Bibi akimwita mjukuu, ingawa Bibi alimzidi kwa miaka michache tu.

Adui wa kazi ya Baba alikuwa hewa yenyewe. Hewa ya bahari hula chuma, na jasho la mkono humalizia. Vyuma vya gitaa lake vilikuwa vya kromu, na gitaa lilipokuwa jipya vilikuwa vyeupe kama vijiko vya wageni. Nilipopata akili vilikuwa vimeota madoa ya kahawia, na masikio mawili, yaani vile vifundo vya kichwani vya kukazia nyuzi, yalikuwa yakilia kwii yakizungushwa. Baba aliyatia mafuta ya cherehani ya Mama. Wiki moja yakanyamaza, kisha yakaanza tena.

Kulikuwa na mgeni mmoja Mtaliano aliyekuja kila mwaka jua lilipokuwa kali, mzee mwembamba ambaye kwao alikuwa akitengeneza magitaa. Alasiri moja alikaa karibu na bendi, akasikia lile kwii, akainuka akaja kulitazama gitaa la Baba kama daktari anavyotazama ulimi wa mtoto. Mwaka uliofuata alikuja nyumbani kwetu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililomfanya Bibi ampende papo hapo, akatoa mkobani vyuma vya aina tatu na kuvipanga juu ya mkeka. Vya kwanza vilikuwa vya kromu nyeupe. Vya pili vilikuwa vyeusi. Vya tatu vilikuwa vya dhahabu.

"Chagua," akamwambia Baba kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Moja yako. Nyingine za rafiki wengine."

Basi nyumba nzima ikageuka baraza. Mama akasema nyeupe, nyeupe haina makuu na inakwenda na kila kitu. Karisa akasema nyeusi, kwa sababu nyeusi haionyeshi jasho. Bibi akamwambia Karisa kwamba chuma cheusi ni cha kukaangia mahamri, si cha kushikwa na mkwe wake mbele za watu. Baba aliviokota kimoja kimoja, akavipima uzito kwenye kiganja, akavirudisha. Mwishowe akanigeukia mimi niliyekuwa nimejibanza mgongoni kwa Bibi.

"Wewe bibie, wasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi jambo la watu wazima. Nikasema dhahabu. Akaniuliza kwa nini, nikasema kwa sababu bibi harusi huvishwa dhahabu, na gitaa lake nalo likae kama bibi harusi. Karisa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baba hakucheka. Akasema, "Basi ni dhahabu," na yakaisha.

Tulivibadilisha siku ileile. Baba alilegeza nyuzi, akalaza gitaa juu ya mto, akafungua parafujo moja moja kwa bisibisi ndogo, na kila aliyoifungua aliiweka kiganjani kwangu. "Ukiiangusha tutaitafuta mpaka kesho," akaniambia. Sikuangusha hata moja. Vyuma vya zamani alivitia katika kopo la maziwa ya unga. Mtaliano, kabla hajaondoka, alitoa kitambaa laini mfukoni akapangusa daraja taratibu, kikavu, akamwambia Baba maneno ambayo sikuyashughulikia. Nilikuwa nimeshughulika na gitaa. Lilikuwa limekaa juu ya mto na masikio yake sita ya dhahabu, na mimi ndiye niliyeyachagua.

Ikawa kila siku Baba akirudi kutoka hotelini hukaa kizingitini na kipande cha kanga kuukuu, akapangusa vile vyuma vikavu. Bila maji, bila ndimu, bila chochote. Nilimtazama nikamwonea huruma. Nilijisemea wanaume ndivyo walivyo, hata chombo hawajui kuosha.

Na kweli, baada ya miezi michache ile dhahabu ikaanza kufifia. Ilikuwa bado ni njano, lakini njano iliyoingia ukungu, na kwenye masikio palikuwa na alama za vidole zisizotoka.

Ikaja masika. Wageni wakaondoka, hoteli ikafunga vyumba, bendi ikakaa nyumbani. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya pazia la chumba nikivaa sare ya shule, Baba na Mama wakinywa chai upande wa pili, nikasikia yaliyonifanya nishindwe kufunga vifungo. Baba alikuwa akisema kwamba hoteli imepata meneja mpya, na meneja huyo atasikiliza bendi mbili Jumamosi, achukue moja kwa msimu wote.

"Wakituchukua, nakaa," Baba akasema. "Wasipotuchukua, nitakwenda Mombasa kwa kaka. Kaniambia gerejini kuna nafasi."

"Na kuja nyumbani?" Mama akauliza.

"Nikipata ruhusa. Mara moja kwa mwezi, labda mbili."

Kisha Mama akauliza huyo meneja ni mtu wa namna gani.

"Wasema anapenda kitu kinachong'aa," Baba akasema.

Mtu mzima angeelewa. Alikuwa akizungumzia mashati ya kufanana, viatu vilivyopigwa rangi, tabasamu, namna ya kusimama. Mimi nilisikia kung'aa, na katika mji mzima wa Malindi, kwa nilivyojua mimi, hapakuwa na mtu anayejua kung'arisha kitu kunishinda. Nilikwenda shule siku hiyo nikiwa nimepata raha ya ajabu. Baba hatakwenda Mombasa. Jambo lenyewe limeangukia mikononi mwangu.

Jumamosi ilipofika Baba alitoka asubuhi kwenda kwa kinyozi na kuchukua shati lake kwa dobi. Mama alikuwa kwa jirani akisaidia kuchambua mchele wa harusi ya Jumapili. Bibi alikuwa amejinyoosha kidogo chumbani. Na uani, kwa ajili ya harusi hiyohiyo, lilikuwapo bakuli la ukwaju, na kando yake majivu niliyoyachekecha mimi mwenyewe jana yake.

Nilileta gitaa nikalilaza juu ya mkeka. Nililifunika mwili wake kwa kanga ili majivu yasiingie, nikaacha kichwa tu nje, kama mtoto anayenyolewa. Nikachovya kumbi. Nikaanza na sikio la uzi mwembamba kabisa.

Kitambaa kilitoka cheusi. Nikafurahi, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: weusi ukitoka, uchafu unatoka. Nikasugua tena. Kikatoka na umanjano ndani yake, nikajua ni ule ukungu. Na chini ya umanjano pakaanza kuonekana weupe, mwanga mweupe safi unaoteleza, nami nikasema moyoni, huu ndio uso wake. Nilidhani dhahabu halisi ni nyeupe, na ile njano ilikuwa ni kutu yake.

Sikio la pili nikalisugua likawa jeupe kama la kwanza. La tatu, la nne. Nikasogea upande wa daraja, nikafunua kanga, nikasugua daraja. Nilifanya kazi nzuri, nawaambia kweli. Hata leo nikiikumbuka, mikono yangu haijuti. Nilipomaliza daraja nikahamia sikio la tano, na baada ya kulimaliza nikaketi nyuma kulitazama gitaa zima.

Masikio matano meupe, moja la njano. Bamba la tundu la kuchomekea waya, njano. Lile la njano lilionekana zuri kuliko yale matano, ukungu wake na alama zake za vidole, vyote. Nikachukua kitambaa nikakikunjua. Katikati ya ule weusi palikuwa na chembe ndogo ndogo za kumetameta, kama vumbi la bawa la kipepeo. Hapo nikajua dhahabu iko wapi.

Baba aliingia na shati kwenye kiango cha nguo, nywele zimekatwa vizuri, ananukia unga wa kinyozi. Alisimama mlangoni mwa ua. Sikumbuki kama alisimama kwa muda mrefu. Mimi naona kama yuko pale mpaka leo.

"Nani kakwambia ufanye hivi?"

"Hakuna," nikasema. "Nilitaka ing'ae."

Bibi akatoka chumbani akijifunga leso, akaona, akachutama akachukua sikio la gitaa kati ya vidole vyake viwili akalitazama kwa jicho la kazi.

"Mkwe," akasema, "hii haikuwa dhahabu. Ilivishwa dhahabu. Hukumwambia mtoto?"

"Yule mzee alisema kitambaa kikavu tu," Baba akasema. "Alisema mbele yetu sote."

Nilisubiri kipigo. Ningekipenda kipigo, maana kingeisha. Baba alitundika shati msumarini, akaketi juu ya mkeka, akalipakata gitaa. Alilizungusha sikio la kwanza, kisha la sita, kisha la kwanza. Akashusha pumzi ndefu.

"Bibi akikuta sinia imeoshwa nusu," akaniuliza, "hukwambia nini?"

"Nimalize."

"Basi maliza."

Akaenda kuleta bisibisi. Alifungua mabamba na daraja ili ukwaju usiingie kwenye nyaya, akaniwekea parafujo kiganjani kama siku ile ya kwanza, na mimi, machozi yananidondoka kwenye majivu, nikasugua bamba, nikarudia daraja, nikasugua vichwa vya parafujo kimoja kimoja mpaka vyote vikawa rangi moja. Mama alirudi akatukuta tuko hivyo. Akatazama, akaelewa, akaweka ungo chini. "Si nilisema nyeupe tangu mwanzo," akasema, na Bibi akaangua kicheko ambacho hata Baba kilimvuta mdomo upande.

Lilibaki sikio la sita, la uzi mnene. Karisa alikuwa keshafika, yuko nje anapiga mluzi. Baba akanishika mkono wa kumbi.

"Liache hilo," akasema. "Wakati umekwisha. Na mtu ajue kwamba lilikuwa na dhahabu."

Akavaa shati lake akaondoka, na gitaa lake lenye masikio matano meupe na moja la njano.

Alirudi jua linazama. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini pake tangu alasiri. Hakunisemesha vibaya, alinigusa kichwa akapita. Aliegemeza begi ukutani akamwambia Mama, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha, "Nitakwenda Mombasa Jumatatu."

Akaenda. Karisa alipata bendi nyingine upande wa Watamu, akawa akipita kwetu mara mojamoja kutujulia hali. Baba alikuja mwisho wa mwezi, miezi mingine hakuja. Gitaa alikwenda nalo, maana alikuwa akipiga kwenye harusi huko siku za mapumziko, na alipokuja alikuja nalo. Kila alipolitoa begini nilitazama kitu kimoja tu. Nilitazama kama amebadilisha vile vyuma. Hakubadilisha. Mwaka ukapita, miaka ikapita, daraja jeupe, masikio matano meupe, na mimi nikaamini kwamba ameviacha makusudi, ili kila akipiga wimbo nyumbani nione nilichokifanya. Sikumchukia kwa hilo. Niliona ni haki yake. Lakini nilikuwa nikitoka chumbani anapoanza kupiga, naye alidhani mwanawe hapendi muziki.

Na shaba niliacha. Bibi aliniita uani mara mbili, mara tatu, nikasema mkono waniuma. Alisema mkono wangu umekufa, akamchukua binti wa jirani akamfundisha. Alikufa mimi niko shule ya bweni Kilifi, na sinia zake zikawekwa juu ya kabati.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa Mama, mwanamke mzima mwenye mvi, na kibweta cha vyuma vya dhahabu mapajani.

"Hivi vimetoka wapi?" nikamwuliza.

"Yule Mtaliano," Mama akasema. "Alikuja msimu uleule na vingine, akijua vya kwanza vitafifia, hakumkuta babako, akamwachia Karisa. Karisa akaleta hapa."

"Msimu uleule?"

"Miezi sita baada ya babako kuondoka. Na babako alipokuja nikampa. Akafungua kibweta, akatazama, akafunga."

"Kwa nini hakuvitia?"

Mama alikuwa akikamua ukwaju, akitenga mbegu kwa kidole. "Nilimwuliza hivyohivyo. Akaniambia hivi vilivyomo ameving'arisha mwanangu. Nitavitoa vipi?"

Mwishowe nikasema lile ambalo nilikuwa sijawahi kulisema kwa kinywa changu, kwamba kwa sababu yangu meneja hakuwachukua, na kwa sababu yangu Baba alikaa Mombasa miaka kumi na moja.

Mama aliacha kukamua. Alinitazama, na mara hii si kama anavyomtazama muuza samaki.

"Nani kakwambia meneja hakumchukua?"

Nikakiweka kibweta chini.

"Alimchukua," Mama akasema. "Alimtaka siku ileile, yeye peke yake. Alikuwa na kinanda kipya chenye ngoma ndani, cha kubonyeza, kwa hiyo Karisa na wenzake hawatakiwi, atakiwa babako tu. Babako akasema walikuja wanne. Meneja akasema basi. Wewe, gitaa hata hawakulitazama."

"Mbona hamkuniambia?"

"Kukwambia nini? Ulikuwa mtoto, hayo yalikuwa mambo ya kazi. Nasi tungejuaje kwamba unajibebesha? Hukuuliza." Sauti yake ikavunjika kidogo, akaikamata. "Miaka yote hii umesema mkono wakuuma. Nilikuwa nikikusugulia mafuta ya nazi, mwana wewe. Nilidhani wakuuma kweli."

Tukalia wote wawili, bila haraka, kama watu wanaokunywa chai. Alipopangusa macho kwa ncha ya leso akaniuliza nitafanya nini na vile vyuma vya dhahabu. Nikamwambia sijui. Nikalitoa gitaa begini, nikaligeuza kuelekea dirishani ili nilione vizuri, nikapitisha kidole kwenye masikio yake, la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Meupe yote, yamepoa na kulainika. Nikafika la sita, lile nililoambiwa niliache, nikatafuta dhahabu yake.

Haikuwapo. Lilikuwa jeupe kama mengine. Baba alikuwa amelizungusha kila siku kwa miaka, kulegeza na kukaza, kulegeza na kukaza, na vidole vyake vimeimaliza dhahabu yote isipokuwa uzi mmoja mwembamba wa njano chini kabisa, pale linapokutana na mti, ambapo kidole hakifiki.

Nikalirudisha gitaa begini, nikakifunga kibweta kwa uzi wake wa katani, nikavuta sinia ya kwanza karibu na magoti yangu, nikamwambia Mama anisogezee majivu.